Mbuzi wa Chuma Aliyempisha Mukecuru

Siku moja ya matope haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo nakuhadithia kwa sababu Jumamosi ulinichekesha kwa jambo ambalo sikupaswa kulicheka. Tulikuwa tunachambua maharage. Ukaniambia mradi wenu wa mashine hauna uhakika wa kufika mwakani, na video mtakayowapelekea wafadhili mmeikata kidogo, pale mashine inapokosea ikaanguka. "Mama, kila mtu anakata," ulisema. Nikacheka. Jana kanisani nimeshindwa kusimama kwenye mstari wa komunyo.

Sikiliza basi, Klarisa.

Wewe ulikuwa darasa la pili. Mimi nilikuwa bado kijana, ingawa nilikuwa na watoto wawili na nilijiona mzee. Nilikuwa nafagia labo, maabara ya Profesa Domitila pale chuoni. Jioni nilikuwa nasoma umeme katika darasa la watu wazima, mikono ikinuka sabuni, na Profesa mwenyewe ndiye aliyeniandikisha. Sote wawili tulikulia Bujumbura kabla ya kuvuka mpaka kuja huku. Mbele ya wakubwa alikuwa akiongea Kifaransa na Kiingereza, lakini akichoka aliongea na mimi Kiswahili cha mtaani kwetu Buyenzi, na miaka ile alikuwa anachoka kila siku.

Alikuwa anatengeneza mashine ya kusoma majani ya viazi. Mwili wake ulichomelewa na mafundi wa Gisozi, kule kwenye karakana za Agakiriro: magurudumu manne, shingo ndefu, na kamera mahali pa kichwa. Vijana wanne waliokuwa wanafanya kazi naye waliiita Mbuzi. Mbuzi alipita kwenye matuta, akatazama jani, akasema hili zima, hili lina ugonjwa. Na alikuwa anapatia, mwanangu, hata kabla mkulima hajaona kitu. Kusoma alijua. Kutembea ndiko kulikomshinda. Mvua ikinyesha, alidhani dimbwi ni njia, akaenda kulala bondeni na magurudumu yake juu.

Sasa, wafadhili. Kila miaka michache Profesa alikuwa anaanza kuomba upya, kama mtu ambaye hajawahi kufanya kitu. Aliandika karatasi nyingi za maombi kuliko alivyoandika za mashine. Barua zilirudi na maneno ya heshima: tunasikitika, mtuvumilie, mambo yamebadilika kwetu. Siku moja nilimkuta ameketi mbele ya barua kama hiyo, akaniambia bila kugeuka, "Mama Klarisa, nimesomea mashine, nazeekea kuomba." Nikaendelea kupiga deki.

Walibaki wafadhili wa mwisho, wageni wa kutoka mbali. Walifikia hoteli moja kule Kiyovu, na walisema watakuja kumwona Mbuzi shambani, kwenye mteremko wa Rebero. Wakimpenda, labo inaendelea. Wasipompenda, vijana wote wanne wanakwenda nyumbani mwisho wa mwezi, na mimi nyuma yao. Wiki hiyo mvua haikukatika. Mbuzi alianguka Jumatatu, akaanguka Jumatano. Profesa akasema atamwonyesha hivyo hivyo, ataeleza kwamba anasoma vizuri lakini kutembea bado.

Mimi nilikuwa nasali novena, sala ya siku tisa. Siku ya tisa, nikipanga vitu stoo, mkono wangu ukagusa telekomande, ile rimoti tuliyokuwa tunaitumia kumtoa Mbuzi stoo na kumrudisha. Nikadhani Bikira Maria amenijibu. Usicheke. Mtu anayesali sana ndiye anayeweza kujidanganya vizuri zaidi, kwa sababu uwongo wake anauvisha rozari.

Basi siku ile nikasimama shambani na akina mama waliolima pale, telekomande ndani ya kitenge changu, kidole gumba juu yake. Profesa akawaambia wageni wasishangae Mbuzi akianguka. Mbuzi hakuanguka. Alipita tuta la kwanza, akazunguka dimbwi, akapita la pili, akasoma majani yake. Vijana wakawa wanatazamana. Wakadhani ni muujiza, au ni kazi yao ya usiku uliopita imezaa.

Kisha upande wa pili akatokea mukecuru mmoja, bibi kizee, na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Njia juu ya tuta ilikuwa nyembamba, haitoshi wawili. Mwanangu, sikufikiri. Kidole changu kikamvuta Mbuzi pembeni, kikamsimamisha, mpaka bibi yule alipopita. Wewe unajua, mtu mzima mwenye mzigo hasukumwi njiani. Mukecuru akamtazama yule Mbuzi wa chuma, akamwambia, "Asante. Una adabu kuliko vijana wa hapa."

Wageni walicheka mpaka mmoja akafuta macho. Wakapiga makofi. Mkubwa wao akampa Profesa mkono mara mbili, akasema kitu kama hicho hajakiona popote, tuhesabu kwamba tumepata.

Profesa hakucheka.

Tuliporudi labo aliwaruhusu vijana waende wakanywe soda, akabaki na mimi. Nilikuwa nampangusa Mbuzi matope. Akasema taratibu, "Mama Klarisa, huyu nimemfundisha mimi. Nimemfundisha majani. Adabu sikumfundisha. Nani amempisha yule mukecuru?"

Nikatoa telekomande kwenye kitenge. Ilikuwa imelowa jasho langu. Nikamwambia nilimhurumia, nikawahurumia wale vijana, na wewe ulikuwa unahitaji shule. Nilimwambia hata habari ya novena. Nililia, lakini yeye hakuninyamazisha.

"Umenihurumia," alisema. "Kesho huyu atapewa mkulima. Atamwangukia mtoto bondeni, na kidole chako hakitakuwepo." Akaichukua ile telekomande mkononi mwangu. "Sisi tunatafuta ugonjwa kwenye majani, Mama Klarisa. Halafu wa kwetu tunauficha?"

Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa naujua msemo huo tangu utotoni. Kuujua hakukunisaidia.

Kesho yake alinichukua tukaenda Kiyovu. Nilijua anakwenda kunitaja, nikawa nimeshakubali. Alikaa mbele ya wale wageni, kahawa ikapoa, akawaambia mashine haikutembea yenyewe, iliongozwa na mtu. Wakauliza ni nani. Akasema, "Ni mtu wa labo yangu, kwa hiyo ni mimi." Jina langu hakulitamka, na mimi nilikuwa nimeketi pale pale nikishika mkoba wake. Kweli ilinijia mdomoni, nikaimeza. Hilo nalo ni langu mpaka leo. Wageni walimshukuru kwa uaminifu. Walisimama kumsindikiza mpaka mlangoni.

Barua ilikuja baada ya wiki chache. Hapana.

Sitakupamba habari, mwanangu. Hakuna aliyetokea kutuokoa. Wale vijana walitawanyika. Mmoja nilimkuta Gisozi anachomelea mageti, akanisalimia vizuri, hilo ndilo lililoniumiza. Labo ikawekwa madawati mabovu. Mimi nilikwenda kufagia ofisi nyingine, nikamaliza darasa langu la jioni bila mashine ya kujifunzia. Profesa aliendelea kufundisha wanafunzi wengi kwa chaki, ameshika gurudumu moja la Mbuzi mkononi. Baadaye alipata mradi mdogo, ukakatika. Akapata mwingine, ukakatika. Ugonjwa wa viazi haukukatika.

Kwetu wanasema ukweli hupita motoni bila kuungua. Ni kweli, hauungui. Anayeungua ni yule aliyeubeba.

Sasa amestaafu, anakaa kule kule Rebero, na mikono inamtetemeka. Nampelekea uji baada ya misa, wewe mwenyewe umenisindikiza mara nyingi. Jana, nikitoka kanisani bila komunyo, nilimuuliza jambo ambalo sijawahi kumuuliza miaka yote hii: anajuta? Kwamba angenyamaza tu, labo ingekuwepo, na pengine Mbuzi angeshajifunza kutembea.

Alishika kikombe kwa mikono miwili. Akasema, "Usiniulize hivyo siku ambayo nimechoka."

Nilipokuwa naosha kikombe ndipo akaniuliza wewe unaendeleaje, na mashine yenu imefika wapi. Nikamwambia inaendelea vizuri. Unaona? Nikamdanganya tena, mwanamke yule yule.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na naitoa nikiwa sina zawadi ya kuambatanisha. Kile kipande mlichokikata kwenye video, kirudishe. Waonyeshe inapoanguka, waambie kwa nini inaanguka, na jina lako liwe pale. Usinisikilize kwa kudhani kweli itakulisha. Mimi niliona ikimwacha mtu na chaki. Wakiwanyima, mtanyimwa, na mimi nitalia nawe, chumba cha nyuma kipo, maharage yapo. Lakini mashine yako ikienda kwa watu, iende na miguu yake yenyewe, maana siku ya matope kidole chako hakitakuwepo. Na ukikosea, mtu mwingine akiinamisha kichwa chake kubeba kosa lako, usimeze neno kama nilivyomeza mimi. Sema, ni mimi.

Jumapili twende wote Rebero. Mimi nitaanza kumwambia langu, nawe umwambie lako.

Mungu wa njia nyembamba akutangulie, mwanangu. Mzigo wako usikuangushe, na ukikutana na mwenye mzigo mzito kuliko wako, akupe moyo wa kumpisha mwenyewe, bila mkono uliofichwa. Na Profesa, yule mama wa Rebero aliyetupisha sote, Bwana ampumzishe mikono.