Viatu Mlangoni kwa Mama Sushila

Leo nimelia mlangoni kwa watu hapa Tooting, London, mpaka kamasi.

Namhudumia Mama Sushila, Mhindi wa Mombasa. Magoti yamemchoka, lakini mwezi uliopita alikwenda kusini mwa India kuona mapango na mahekalu ya kale. Nilimkataza, akanicheka.

Asubuhi mwanawe akanitumia meseji: "Mama karudi. Njoo upesi."

Nafika, nakuta viatu vimejaa mlangoni.

Kwetu viatu vingi hivyo ni matanga.

Nikakaa hapo hapo, nikalia.

Mlango ukafunguliwa na Mama Sushila mwenyewe, simu mkononi. Nyuma yake majirani wanasubiri kuonyeshwa picha za mapango.

"Mwanangu, ngazi zote za mahekalu nimezipanda."

Kisha akaona machozi yangu.

"Kwani nani amekufa?"