Piano Iliyovuta Pumzi

Bibi yangu hushona mapazia. Chumba chake cha kazi kiko mbele ya nyumba, na cherehani ameielekeza dirishani ili apate mwanga, apate na umbea. Ana mkasi mmoja wa vitambaa ambao ukiukatia karatasi hatakusemesha siku nzima. Babu ananyoa watu upande wa pili wa ukuta huohuo. Ukuta wenyewe ni mwembamba, kwa hiyo wateja wa mapazia na wateja wa nywele wote wanaujua ugomvi wao.

"Saksafoni yako ndiyo iliyotuponza," Bibi husema huku akitunga uzi.

"Mke wangu, mkono wako wa kushoto ulikuwa mzito kama wa mtu anayekanda unga," Babu hujibu, mashine ikinguruma kichwani mwa mtu.

Watu hucheka. Sisi wajukuu tumekua tukicheka. Tulijua kwamba zamani, kabla mama yangu hajazaliwa, walikuwa wakipiga jazi hotelini, wao wawili tu, Bibi kwenye piano na Babu kwenye saksafoni. Tulijua kwamba redio iliwaita studio wakarekodi tepu ya majaribio, na kwamba wakifaulu wangepewa ajira. Hawakufaulu. Mkuu wa vipindi aliwaita ofisini akawaambia maneno ambayo kila mtu kwetu anayajua kwa ghibu: "Piano inavuta pumzi badala ya kuitoa, na saksafoni inameza maneno yake yenyewe. Huu si muziki." Tepu yenyewe hawakuisikia. Babu aliuza saksafoni. Bibi hajagusa piano tena. Akiwa penye piano hukaa mbali nayo, mikono kaikunja mapajani kama mgeni aliyeambiwa asiguse vitu.

Mwaka huu nimepata kazi katika redio hiyohiyo. Tunahamishia tepu kuukuu kwenye kompyuta kabla hazijaoza kabisa. Juzi nilifungua boksi moja nikakuta majina yao yameandikwa juu yake. Niliipachika tepu kwenye mashine, nikabonyeza.

Nilichosikia kilinikata maini. Kila noti ya piano ilianza chinichini, ikavimba, kisha ikakatika ghafla, hasa kama mtu anayevuta pumzi. Saksafoni ilimeza. Nilikaa pale nimeinamisha kichwa, nikiwaza kwamba kumbe yule bwana alisema kweli tupu, na kwamba sitathubutu kuwaambia wazee nimeipata.

Sikuizima. Muziki ulipokwisha, mtu alizungumza, na alichosema hakikuwa lugha ya binadamu yeyote.

Hapo ndipo nikakumbuka. Mafundi wa studio hawakuwa na kawaida ya kurudisha tepu mwanzo baada ya kurekodi. Waliihifadhi ilivyoishia, mkia, yaani mwisho wa tepu, ukiwa nje, kwa sababu hivyo hudumu zaidi. Anayetaka kuisikiliza huizungusha kwanza hadi mwanzo. Nilifundishwa hilo siku yangu ya kwanza kazini, na kwa kiherehere nikalisahau. Lakini yule mkuu hakuwa fundi. Alikuwa bwana wa tai na kiti cha kuzunguka. Bila shaka aliipachika mwenyewe, akaisikiliza kinyumenyume, akachoka kabla ya kufika kwenye ile sauti ya mtu, kisha akawaita watu wawili waliokuwa na vipaji akawahukumu.

Niliigeuza. Ile sauti ikawa ya mtangazaji, anataja majina yao kwa upole. Kisha wakaanza kupiga.

Jumamosi niliweka kompyuta juu ya meza ya Bibi ya kukatia, nikamwita Babu. Alikuja na kitana mkononi. Sikueleza kitu. Mkono wa kushoto wa Bibi uliingia mwepesi, unatembea bila haraka. Saksafoni ikaja juu yake, ikauliza, ikangoja, ikajibiwa. Hakuna aliyesogea hadi mwisho.

"Kosa langu liko wapi?" Babu aliuliza.

Bibi alimgeukia. "Lako?"

"Pale katikati. Pumzi iliniishia, nikaruka sehemu. Nimekuwa naingojea."

"Mimi nilikuwa naingojea yangu," Bibi alisema. "Kidole kiliteleza. Nilijua ni mimi."

Walitazamana kama watu waliokutana kituoni. Miaka yote ile ya utani, kila mmoja alikuwa akimsukumia mwenzake mzigo aliouamini ni wake mwenyewe.

Ndipo nikawaeleza habari ya mkia wa tepu. Nilieleza kwa hasira, nikitembea chumbani, nikisema redio lazima iombe radhi hadharani, tepu ipigwe saa ambayo nchi nzima inasikiliza, na picha ya yule mkuu iondolewe ukutani pale mapokezi. Nilikuwa bado nasema Bibi aliponikatiza.

"Kwa hiyo aliisikiliza kutoka mwisho?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na sisi tukamwamini."

Babu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja wa mapazia, kitana bado mkononi.

Mteja akabisha hodi, amefuata mapazia ya sebuleni. Bibi, ambaye alishona hata wiki ya msiba wa mama yake, alimwambia kupitia dirishani, "Leo sishoni, mwanangu. Njoo siku nyingine." Kisha akamwambia Babu, kwa sauti ndogo, "Si ungeniambia."

"Ningekwambia nini? Kwamba mimi ndiye niliyekuzika hapa na cherehani?"

Bibi aliniomba nimwonyeshe pa kubonyeza. Nikamwonyesha. Akasema nikiache hapo hicho kikompyuta changu, nitoke na mlango niurudishe.

Nilisimama nje ukutani. Tepu ilianza upya, kisha ikaanza tena.