Nilicheka Nao

Nilikuwa nimeshafundisha sheria miaka kadhaa pale mjini Unguja nilipopewa kazi ya ulezi. Chuo kiliona kwamba wanafunzi wanaotoka shamba na visiwa vidogo wanaacha masomo mapema, kikaamua kila mmoja awe na mwalimu wa kumshika mkono. Mimi nikapewa msichana kutoka Tumbatu.

"Ana akili huyu, lakini hazungumzi," mkuu wa idara aliniambia. "Mfungue mdomo."

Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri alikuja ofisini kwangu. Alivua viatu mlangoni, ingawa sakafu ilikuwa ya saruji tupu. Nilimpa hukumu za kusoma, naye akarudi na karatasi zilizojaa maandishi madogo madogo. Mara moja alinionyesha kwamba hakimu mmoja alichanganya mwenye ardhi na mwenye minazi. Kwao, alisema, kila mtoto anajua kwamba shamba laweza kuwa la huyu na minazi iliyomo ikawa ya yule. Nilikuwa nimeifundisha hukumu ile miaka yote bila ya kuliona kosa.

Tukiwa wawili alizungumza vizuri sana. Akishika hoja, Kitumbatu kilimtoka chenyewe, nami nilimfuata bila ya shida. Hakujiuliza kwa nini ninayafahamu maneno yake. Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Jongowe, huko huko Tumbatu, na mimi nililelewa mikononi mwake. Nilipoanza skuli mjini wenzangu walinitania kwa matamshi yangu, nikajifunza kuyaficha. Kufikia chuo nilikuwa mtoto wa mjini kamili, na pale kazini hapakuwa na aliyejua vyengine.

Mwaka ule tuliingia mashindano ya mahakama ya mfano, na kesi tuliyopewa ilikuwa ya minazi iliyopandwa kwenye ardhi ya mtu mwengine. Nilimteua yeye awe wakili wa upande wetu. Siku ya mazoezi alisimama mbele ya wenzake kama ishirini, akaanza polepole, kisha hoja ikamchukua. Akasema sentensi nzima kwa matamshi ya kwao.

Kijana mmoja wa mbele akairudia kwa kumwiga. Darasa likaangua kicheko.

Yeye hakumtazama yule kijana. Alinitazama mimi. Na mimi nilikuwa nacheka.

Sikucheka kwa sababu nimeona kichekesho. Nilicheka haraka, kama mtu anayefunga mlango kabla hajaonekana. Ningeweza kuwanyamazisha kwa neno moja, kwani waliniogopa. Badala yake nilifuta machozi ya kicheko, nikasema kwa sauti ya upole niliyojivunia, "Basi tufanye hivi. Wewe utaandika hoja, mwenzako azisome. Kila mtu ana kipaji chake."

Niliyemwita mwenzake ndiye yule kijana aliyemwiga.

"Sawa, Mwalimu," akajibu, akaenda kukaa.

Tulishinda. Jaji alipouliza swali zito, kijana alikwama, akageuka nyuma. Msichana aliandika mistari miwili, akampelekea. Kijana akaisoma kwa Kiswahili chake kisafi, akapewa zawadi ya msemaji bora. Tulipopigwa picha, msichana alisimama pembeni ameshika mikoba ya wenzake. Niliiona picha ile nikajiambia kwamba nimemkinga na aibu.

Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ya pili. Nikapata habari kwamba ameandika barua ya kuacha chuo. Nikamfuata Mlandege, alikokaa kwa shangazi yake, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Shangazi alinikaribisha, akatuwekea chai, akatuacha.

"Walikukosea wenzako," nikaanza.

"Wenzangu nshawazoea, Mwalimu," alisema. "Tokea mwaka wa kwanza wananicheka. Nlikuangalia wewe kwa sababu nlijua utawanyamazisha."

Nilitaka kujitetea. Nikamwambia habari za bibi yangu. Sijui nilitaraji nini, labda afurahi. Aliweka kikombe chini.

"Pale chuoni nani anajua?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo ulinifahamu kila neno."

"Kila neno."

Chini tulimsikia muuzaji akipima kitambaa na kubishana na mteja. Hatimaye akasema, bila ya hasira, "Mimi nlidhani umecheka kwa kutojua."

Nikamwomba radhi. Akasema ameshanisamehe, kama tunavyofundishwa kusema. Nikamsihi asiache masomo kwa ajili yangu. Alirudi wiki ya pili yake, lakini aliomba abadilishiwe mlezi, na barua ya ombi ikapitia mezani kwangu. Sababu aliyoandika ni "ratiba". Nikaitia saini.

Alimaliza, akaapishwa kuwa wakili. Hapo chuo kikataka kuchapisha kijarida cha kuonyesha faida ya ulezi, nikaombwa mimi, mlezi wake wa kwanza, niandike habari zake. Ningeweza kukataa. Ningeweza pia kuandika ukweli. Niliandika kurasa mbili kuhusu msichana aliyekuja akiwa kimya na namna tulivyomjengea kujiamini. Kuhusu kicheko sikuandika, wala kuhusu bibi.

Tulikutana sokoni Darajani baada ya kijarida kutoka, akinunua ndizi, na faili la mahakamani kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nimekisoma kijarida. Umeandika vizuri."

Hakutia kejeli, na ndiyo maana nilishindwa kumtazama. Aliniuliza hali ya watoto wangu, akalipa ndizi zake, akaniaga.

Siku ile ile nilikwenda kwa mkuu wa idara nikamwomba makala ile iondolewe. Akashangaa, akaniuliza ina kosa gani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, pamoja na bibi na Jongowe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nakala zimeshagawiwa kila ofisi, na kwamba, kwa kweli, hakuona kama jambo lenyewe lilikuwa kubwa kiasi hicho.