Jemutai na Mteremko wa Mawe

Naikumbuka Ijumaa ile, mwanangu, na mwili bado hunisisimka. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeingia Riyadh, mpishi katika nyumba moja ya Al-Malqa. Mwenzangu, aliyefanya usafi, alikuwa Jemutai, msichana mwembamba wa kwetu Kenya, wa huko milimani, mwenye kovu refu gotini.

Jemutai alisema alikuwa bingwa wa baiskeli za milimani. Sisi wasichana wa kazi huko Ghuba tulikuwa na desturi yetu: ukifika tu, unajipa cheo, eti ndicho ulichokiacha nyumbani. Huyu alikuwa mwalimu, yule alikuwa na saluni yake, na hakuna aliyemchunguza mwenzake, maana cheo hicho ndicho kilichotuinua tukiinamia sakafu za watu. Mimi mwenyewe nilijiita nesi. Basi na yeye nikamwachia ubingwa wake.

Ijumaa hiyo familia ilitupeleka jangwani kuchoma nyama, juu ya genge refu nje ya mji. Bosi aliteremka na gari kununua maji kwenye kituo cha petroli kilichoonekana kule chini, kidogo kama kiberiti. Mara mama yake, bibi kizee aliyekuwa akituita binti zake, akapiga yowe. Nge alikuwa amemuuma mguuni. Punde ulimi ukawa mzito, jasho likamtoka, akawa anaitafuta pumzi.

Madam, mke wa bosi, akainua simu juu, akazunguka nayo huku analia. "Mafi network! Mafi!" Yaani mtandao hakuna.

Barabara ya gari ilizunguka mbali. Njia ya mkato ilikuwa mteremko wa mawe ambao hata mbuzi angesali kwanza. Jemutai akaiendea baiskeli ya mtoto wa bosi iliyolala kando ya hema letu. Akashusha kiti, akaifunga abaya yake kiunoni.

"Wewe, utakufa!" nikamwambia.

"Dada, mshike bibi, usimwache alale," akanijibu, akatoweka ukingoni.

Nikachungulia. Subhanallah, mwanangu! Hakukaa kitini hata mara moja. Magoti kayakunja, mwili kaurudisha nyuma, baiskeli ikirukaruka chini yake na yeye katulia kama anayepiga deki. Pale nilipodhani njia imekwisha, yeye aliiona. Nililia, kwa hofu na kwa furaha pia, kwa kuona jambo kubwa hivyo likifanywa na mtu niliyekula naye sahani moja. Wahenga hawakukosea: umdhaniaye siye, kumbe ndiye. Alimkuta bosi kituoni, ambulensi ikaitwa, na bibi akafikishwa hospitali angali hai.

Alipopona, bibi aliapa kwamba Jemutai hatainama tena kwenye sakafu za nyumba ile. Akamsimamia mwanawe, aliyekuwa kafili wetu, yaani mdhamini ambaye bila idhini yake huondoki, mpaka akatia sahihi karatasi za kumrudisha kwao, na baiskeli ile akafungiwa aende nayo. Chanda chema huvikwa pete.

Miaka ikapita, nikahamia Jeddah, chumba cha kupanga na wenzangu huko Al-Hindawiyah. Siku moja tukajazana kwenye simu yangu kumtazama Jemutai kwenye mbio za ubingwa nyumbani, akishindana na wasichana wadogo waliomwita mama kwa umri wake. Alianguka mwanzoni. Akainuka, akawapita mlimani mmoja mmoja, akafika wa kwanza na matope mpaka kwenye meno. Tulipiga vigelegele hadi mwenye nyumba akaja kugonga mlango.

Nilimpigia kumpongeza, nikamuuliza kama siku ile kule gengeni hakuyaogopa yale mawe.

"Niliyaogopa sana," akasema. "Lakini dada, ukilikodolea jiwe macho, gurudumu linalifuata. Mimi huangalia pale ninapotaka kupita."

Basi mwanangu, unayefunga begi sasa hivi uende Ghuba, mawe yapo, sikufichi. Yajue, yaogope pia, ila macho yako yaelekeze njiani. Na ukimkuta mtu ameinamia deki akakwambia alikuwa bingwa, usimcheke, huenda bado ni bingwa. Mungu akupe macho ya Jemutai, na siku ukianguka akuinue na matope yako hivyo hivyo, ufike. Amina.