Gazeti la Ndimu

Juzi nilinunua vitumbua kwa mama mmoja pale Mchafukoge, akanifungia kwenye kipande cha gazeti la zamani. Mpaka nafika nyumbani mafuta yalikuwa yameshaingia kwenye karatasi, wino umeanza kuachia, na ile harufu ya gazeti lililolowa ikanipanda puani. Vitumbua sikuvila. Nilikaa jikoni na karatasi yangu mkononi, mtu mzima mwenye watoto, nikalia. Msinicheke bado. Ngojeni niwaeleze.

Nilikulia mtaa huohuo, ghorofa ya pili, mimi na mama yangu na Babu, baba yake Mama, juu ya duka lake la kanzu na kofia. Babu alikuwa na kasuku mdogo, wale wa kutosha kiganjani, wa kijani, kichwa cha njano, akamwita Ndimu. Tundu lake lilining'inia sebuleni karibu na mlango wa ukumbini, na ndani chini ilitandikwa karatasi ya gazeti iliyobadilishwa kila asubuhi. Wanaume wengine wa mtaa ule walisoma magazeti kwa ajili ya siasa na mpira. Babu alilisoma lake baada ya Ndimu kumaliza kuliandika. Akishaswali alfajiri alivaa miwani, akaichomoa ile karatasi, akaipeleka dirishani penye mwanga na kuinama juu yake. Mimi nilikuwa pembeni yake, hata meno sijapiga mswaki.

Alinifundisha usomaji huo kabla sijawa hodari wa kusoma vitabu. Choo cha ndege mzima, alisema, kina vitu vitatu: uzi mweusi uliojikunja, chokaa nyeupe juu yake, na maji kidogo pembeni. Uzi ukiwa mweusi na ukajikunja vizuri, ndege anakula na tumbo linafanya kazi. Ukigeuka kijani cha majani, hali kitu. Maji yakizidi, kuna jambo. "Ndege ni mwongo, Zuhura," alikuwa akiniambia. "Akiumwa anajikaza, anaimba, ili usimjue. Lakini choo chake hakijui kudanganya." Nililishika neno hilo kwa nguvu zote. Hata shuleni nilikuwa nikimtazama mwalimu mkali najiuliza chake kikoje.

Nilikuwa na miaka tisa Babu alipoanza kusumbuliwa na tumbo. Kwanza aliacha pilipili, kisha akaacha nyama, kisha akaacha kushuka dukani. Asubuhi moja alianguka, wakamchukua kwa teksi kumpeleka hospitali kule Upanga. Mlangoni aliomba wamsimamishe kidogo. Aliliangalia tundu, akaniangalia mimi, akasema, "Nakukabidhi Ndimu. Nikirudi nimkute." Hakuongeza neno. Mimi ndiye niliyemalizia kichwani mwangu: nisipomkuta, sirudi. Hakuna aliyeniambia hivyo, lakini niliamini kuliko nilivyowahi kuamini kitu chochote.

Wodini watoto hawakuruhusiwa. Mama ndiye aliyekwenda kila mchana na kikapu, chupa ya uji na hotipoti ya supu, na pembeni, ndani ya mifuko miwili ya nailoni, gazeti la Ndimu. Ndiyo, mmesoma sawasawa. Babu mwenyewe aliliagiza siku ya pili tu ya kulazwa. Mama aliapa hawezi kubeba uchafu pamoja na chakula cha mgonjwa, lakini Babu alikataa kufungua kinywa mpaka lilipoletwa. Basi gazeti likawa linakwenda Upanga, na jioni maagizo yanarudi kwa mdomo wa Mama: mpunguzie tango, mbadilishie maji, hongera mjukuu wangu.

Nyumba nayo ilijaa watu siku hizo. Bi Rukia, jirani yetu wa mlango wa pili, ndiye aliyeshika mambo. Aliwakusanya wanawake ukumbini kumsomea Babu Yasini asubuhi na jioni, na chetezo cha udi hakikupoa. Alikuwa na udi wake wa maana, wa kufungiwa kabatini, na alisema kwa mgonjwa huyu hataubania.

Siku ya sita uzi mweusi ulianza kufifia. Siku ya saba ukawa kijani. Siku ya nane palikuwa na maji tu, na katikati yake kipande kidogo cha kijani kilichonitia baridi. Ndimu alijitutumua manyoya, akawa anasinzia mchana kweupe, na mkia wake ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Nilimbadilishia maji mara tano kwa siku. Nilimpa mchicha, nikamnyang'anya mchicha. Nilimsomea Ayatul Kursi na kumpulizia, nikikosea katikati narudi mwanzo, nikiogopa kwamba kosa langu ndilo litakalommaliza. Sikuwa na wa kumwuliza. Watu wazima wa nyumba ile walikuwa na mgonjwa wao, na mimi nilikuwa na wangu.

Bi Rukia alinikuta nikilikunja gazeti la siku ya nane.

"Hilo ndilo unampelekea babu yako?" aliniuliza. "Mwanangu, mgonjwa hapelekewi habari mbaya. Utamzidishia."

Alisema kwa upole, na wala hakuzusha. Kwetu ndiyo adabu. Mtu akiwa kitandani huambiwa amenawiri, hata kama macho yameshazama ndani. Aliyeingia na uso wa huzuni huombwa atoke akajiweke sawa kwanza. Nililificha lile gazeti chini ya kochi. Mama alikwenda bila gazeti siku hiyo, nikasingizia kwamba nimesahau.

Kesho yake nilivuka viwanja vya Mnazi Mmoja peke yangu, jambo nililokatazwa kabisa, nikaingia Kariakoo hadi upande wanaouza kuku na ndege. Palikuwa na matenga yamepangwa mpaka juu ya kichwa changu, na harufu kali ya manyoya na pumba. Nilimwamkia muuzaji mmoja mwenye kasuku wadogo.

"Marahaba, mrembo. Nikupe nini, njiwa au chiriku?"

"Naomba mavi ya kasuku. Yale mazuri."

Aliacha alichokuwa anafanya. "We mtoto! Nani kakutuma, mganga?"

"Babu yangu anaumwa."

"Si ndo nilivyosema? Mganga huyo!" akamgeukia mwenzake, wakacheka mpaka kuku wakaanza kelele. Alipoona midomo yangu inatetemeka akanyamaza. Alichomoa karatasi chini ya tundu la kasuku wake, akaikunja taratibu, akanitilia kwenye mfuko. "Haya. Mwambie babu apone, sawa?"

Yalikuwa mazuri, wallahi. Meusi, yamejikunja, na chokaa yake juu. Nilirudi mbio, nikamkabidhi Mama, akaondoka nayo bila kujua kitu. Mchana ule nilikaa chini ya tundu la Ndimu nikisikia pumzi yake ikikwaruza, na nikajiambia kwamba angalau Babu atalala na furaha.

Mama alirudi jioni. Alikaa kwenye kochi kabla hata ya kuvua baibui.

"Babu yako kasema hivi," alisema. "Ndege huyo ni mzima kabisa, Mungu amzidishie. Sasa anataka gazeti la Ndimu."

Maganda ndiyo yaliyoniumbua. Kwa nafaka, Ndimu alikula ulezi tu, na kwenye karatasi ya Kariakoo kulikuwa na maganda ya mtama. Mzee aliyekuwa na mrija mkononi, asiyeweza kuketi bila kushikwa, aliliokota ganda kwa ukucha, akalitazama, akatikisa kichwa. Nilieleza yote kwa Mama huku nikilia, mpaka safari ya Mnazi Mmoja, nikisubiri kofi. Kofi halikuja. Nikamwonyesha Ndimu. Alikuwa ameshashuka kwenye kijiti chake, amekaa sakafuni mwa tundu, kichwa kimeegemea waya.

Kesho yake nilimpa Mama gazeti la kweli apeleke, pamoja na barua kwenye karatasi ya daftari. Naikumbuka yote kwa sababu ilikuwa fupi: "Babu nisamehe. Ndimu anakufa. Wewe usife. Na choo chako kikoje? Niambie kweli." Mama aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Kisha aliikunja, akaitia kikapuni.

Jioni alirudi na majibu. "Kwanza, anasema gazeti linanuka udi. Anauliza nani anamfukiza ndege wake. Mtoeni kwenye moshi sasa hivi, ndege hana mapafu ya kustahimili udi."

Bi Rukia alikuwa amesimama na chetezo mkononi. Alikitazama, akatazama mlango ambao moshi wote wa ukumbini ulipitia, akatazama tundu lililoning'inia pale pale. Akakitoa nje mpaka kwenye ngazi. Mimi na Mama tulilibeba tundu hadi roshani ya nyuma, tunakoanika nguo, kwenye hewa.

"Na lile swali langu?" niliuliza.

Mama alikuwa amenipa mgongo, anafunga kamba ya tundu kwenye nondo. "Kasema chake ni cheusi. Cheusi tii, kama lami."

Nilipiga kelele. Nilishuka ngazi mbili mbili hadi dukani, nikamwambia anayetushikia duka, nikawaambia wateja, nikamwambia muuza kahawa wa barazani: choo cha Babu cheusi! Babu anakula! Nilipopanda tena nilimrukia Bi Rukia kwenye ngazi na kumpa habari hizo hizo. Mkono ulimwenda mdomoni. Kisha akanikumbatia kwa nguvu, nami nikadhani anafurahi kama mimi. Hakuna hata mmoja aliyenisahihisha.

Ndimu alianza kurudi. Siku ya kwanza aliondoka sakafuni. Siku ya pili nilimsikia akipasua ulezi. Siku ya nne, asubuhi, kwenye karatasi kulikuwa na uzi mmoja mweusi uliojikunja, mwembamba, na chokaa yake. Mama alikuwa ameitwa hospitali mapema sana kabla sijaamka. Nililikunja gazeti, nikalitia kwenye mfuko mpya, nikasimama juu ya ngazi kumsubiri. Alipotokeza chini nikauinua mfuko juu. "Mama, mweusi! Umejikunja!"

Alipanda polepole, akafika karibu yangu, akakaa kwenye ngazi. Aliuchukua mfuko, akalifungua gazeti magotini mwake, akalitazama. Yeye ambaye siku zote alilishika kwa ncha za vidole, safari hii alilisoma.

"Ndiyo," alisema. "Ndege mzima."

Ndipo akaniambia kwamba Babu amefariki.

Nitawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nililia, ndiyo, lakini zaidi nilikasirika. Nilimkasirikia Babu miaka na miaka. Alinitaka mimi nimletee kweli, nikampelekea, na yeye akanitumia uongo wa mgonjwa. Cheusi tii! Mtu mwenye choo kizuri namna ile anakufaje? Ndimu aliishi miaka mingine minne, lakini sikusoma tena gazeti lake. Mama ndiye aliyekuwa akilibadilisha.

Mwaka jana nilimpeleka Mama kwa daktari, tumbo lilikuwa linamsumbua. Daktari alikuwa binti mdogo tu, anauliza maswali yake huku anaandika. "Mama, umewahi kupata choo cheusi? Cheusi kama lami?"

Mama alisema hapana, haraka. Mimi nikadakia, "Lakini si ndiyo dalili nzuri?"

"Hapana, dada. Ni damu. Inavuja tumboni, ikifika chini imeshageuka nyeusi."

Mama alikuwa anatazama sakafu. Tulitoka nje, tukakaa kwenye benchi kusubiri bajaji. Hapo alinishika mkono.

"Nilimwomba anipe jibu jingine la kukuletea," alisema. "Akakataa. Alisema, mtoto kaniletea gazeti la kweli, na yeye mpelekee la kweli."

Kweli nilipelekewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kusoma, na siku aliponiandikia gazeti lake, nilishuka ngazi mbili mbili nikishangilia.