Sakafu ya Baraza

Mhudumu akipaka nta nyekundu kwenye sakafu ya ofisi yetu, mimi navua viatu kabla sijafikiri.

Siku ile, nikiwa bado mtoto, bibi alivua vyake mlangoni mwa ukumbi wa zamani wa baraza, wenye matao marefu na mbao za dari zilizopangana kama mbavu za ng'ombe. Kesho yake mafundi wangeanza kuweka marumaru.

"Mayu, ingia na viatu tu," karani alimwambia, akimwita mama kwa lugha ya kwetu.

"Nikivaa sitapaona."

Akapapasa saruji yenye nta nyekundu kwa nyayo, mimi nyuma yake nikijiuliza anatafuta nini, hadi akasimama karibu na nguzo. Palikuwa na unyayo wa mtoto, umezama.

"Huu ni wangu. Mama alikuwa anabeba maji ya ujenzi hapa. Nikamkimbilia, sakafu bado mbichi. Nilichapwa."

Nikaweka mguu wangu ndani yake. Ukaenea barabara.

"Usiutoe kwanza," bibi akasema.