Fundi wa Ikungi aliyepima kompyuta kwa kidole chake mwenyewe

Saa mbili na nusu asubuhi, kando ya barabara ya Dodoma mjini Ikungi, Sostenes Mghenyi anakataa kugusa kompyuta aliyoletewa aikague.

Iko mezani mbele yake, inang'aa, stika za dukani bado zimebandikwa. Ni ile aina inayopinduka: kioo kinazunguka kwenye bawaba mpaka kinalala mgongoni mwa kibodi, nayo inageuka kuwa kama kibao cha kuandikia kwa kidole. Anselm, wakala wa mbegu za alizeti, amepewa na muuzaji siku mbili za kuijaribu kabla ya kutoa pesa yake.

"Sasa wewe ni fundi gani unaogopa kushika?" Anselm anauliza.

Sostenes anatoka nje ya kibanda na kumwita Clement, mpakia mizigo, aliyeketi juu ya magunia ya vitunguu akisubiri lori.

"Kaka, njoo uweke kidole hapa."

"Nikiivunja je?"

"Nitalipa mimi. Hapana, usinawe. Njoo hivyohivyo."

Clement anabonyeza. Kioo kimetulia kama hakijaguswa. Anabonyeza tena, safari hii kwa nguvu, ulimi nje. Mara ya nne ukurasa unafunguka na Clement anaruka nyuma.

"Imenisikia!"

"Imekusikia mara moja kati ya nne," Sostenes anasema, na kuandika hivyo kwenye daftari lake.

Anselm anacheka. "Lakini Clement si mtumiaji wa hii mashine, bwana."

"Wewe utamwonyesha nani aina za mbegu? Si wakulima? Watachagua kwa kidole cha nani?"

Anselm anaacha kucheka.

Sostenes ana miaka thelathini na saba, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameitumia kutengeneza simu na kompyuta. Kazi anayojulikana nayo zaidi ni ya kukagua. Mtu akitaka kununua kompyuta, hasa iliyotumika, humpelekea kwanza. Kwa shilingi elfu kumi, Sostenes hukaa nayo siku nzima. Mwezi mzuri, pamoja na matengenezo, humwachia kama laki tatu na nusu.

Huifungua na kuifunga bawaba mara hamsini akisikiliza kama inalia. Huitoa kwenye umeme na kuhesabu saa mpaka izime. Huipeleka juani aone kama maandishi yanasomeka au umebaki uso wake tu kwenye kioo. Huipakata mapajani aone inachoma kiasi gani, kisha huandika ukurasa mzima, kwa sababu kuna kibodi tamu kwa jina na chungu kwa barua.

"Hizi za bei ya kati zina tabia zake," anasema. "Aliyeitengeneza ametaka ufurahi dukani, kwa hiyo pesa yote ameimwaga kwenye kioo. Kwenye betri amebana. Kwenye feni amebana. Na huku kwetu kuna vumbi na upepo. Haikosi kitu, ni kompyuta nzuri, lakini lazima ujue inamfaa nani."

Anageuza bisibisi mkononi.

"Zamani nilikuwa namaliza kwa saa moja. Ile ya Mwalimu niliimaliza kwa saa moja."

Mwalimu ni Scholastika, aliyemfundisha Sostenes kusoma akiwa darasa la kwanza. Alipostaafu alirudi kijijini Mtunduni, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka Ikungi. Hakukaa mwezi mmoja kabla ya kufungua kisomo cha watu wazima sebuleni kwake. Walikuja kumi na mmoja, wakulima wa alizeti na vitunguu, mdogo wao akiwa na miaka arobaini.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, Mwalimu alikuja kibandani na kompyuta inayopinduka ya milioni moja na laki mbili, sehemu ya kiinua mgongo chake. Alikuwa ameona mahali watu wakichora herufi juu ya kioo kwa kidole. Akawaza wanafunzi wake, wanaoshika kalamu kama wameshika mpini. Kwa kidole, aliamini, aibu ingepungua.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba Sostenes. Nimekuja kwako kwa sababu wewe hutanidanganya. Niambie, hii itafaa watu wangu?"

Sostenes aliichukua. Akaipindua, akaandika jina la Mwalimu kwa kidole, nalo likatokea safi, lenye mikia mirefu kama mwandiko aliofundishwa na mama huyo huyo. Wateja walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama. Akajisikia mkubwa.

"Mwalimu, chukua. Hii ni dhahabu."

Hakuishia hapo. Kwa kuwa ni mwalimu wake, alikataa malipo, kisha akatoa zawadi: protekta ya kioo, ile nene kuliko zote alizokuwa nazo, ili vumbi la Mtunduni lisije likakwaruza. Aliibandika taratibu, akitoa mapovu ya hewa moja moja kwa kitambaa.

"Nilijaribu tena baada ya kubandika," anasema. "Ikakubali. Lakini nilijaribu kwa hiki." Anainua kidole chake cha shahada. Ni laini, kucha imekatwa vizuri. "Hiki kinakaa kivulini tangu asubuhi. Hakijashika jembe tangu nimalize shule."

Kilichotokea jioni ya kwanza ya darasa na kompyuta hiyo, Sostenes alikuja kukijua miezi minane baadaye.

Wa kwanza kuitwa mbele alikuwa Mzee Chediel Ntandu, mwenye miaka hamsini na minane, aliyekuwa na hamu kuliko wote. Hakuwa na sababu kubwa ya kutaka kusoma. Binti yake Leah aliolewa Manyoni, na humtumia ujumbe kwenye simu. Kila ujumbe ukiingia, Chediel huibeba simu mpaka dukani asomewe. Vijana wa dukani husoma kwa sauti, na habari za nyumba yake huzijua wanunua chumvi wote kabla yake.

Mwalimu alimchorea herufi ya L juu ya kioo, ya Leah. Chediel akaweka kidole aifuatishe. Kioo hakikuona kitu. Akabonyeza. Akafuta kidole kwenye suruali, akabonyeza tena. Miaka arobaini ya jembe na kamba za ng'ombe imekifanya kidole kile kikavu na kigumu kama gome, na kati yake na kioo kulikuwa na ile zawadi nene.

Mwalimu akaweka kidole chake mwenyewe, chenye ngozi laini kwa miaka ya chaki na vitabu. Mstari ukatokea hapohapo.

"Mzee, hata kompyuta imekuona ni wa porini!" mmoja akatania kutoka nyuma. Darasa zima likacheka. Chediel pia alicheka, tena kwa sauti kuliko wote.

"Basi kidole changu hiki ni cha wino tu," alisema, akainua gumba lililomtilia sahihi maisha yake yote, akarudi kukaa.

Kesho yake hakuja. Wiki iliyofuata wenzake walijaribu, vidole vikakataliwa kimoja baada ya kingine. Hawakugomba. Mmoja alisema ana mgonjwa, mwingine ana palizi. Mpaka mwezi wa sita walikuwa wamebaki wanne, na Mwalimu alikuwa ameirudisha kompyuta kwenye boksi na kurudi kwenye ubao.

Naye hakumwambia Sostenes. Alipoulizwa na mwandishi sababu, Mwalimu Scholastika alitabasamu kwa uchovu.

"Alinipa kwa moyo. Ningempelekea vipi lawama? Na mimi nilidhani ni sisi. Nilidhani watu wangu wamechelewa mno, basi. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba na mimi niliamini kioo."

Sostenes aligundua Novemba, alipokwenda Mtunduni kwenye msiba na kupita kumsalimia. Aliliona boksi juu ya kabati, limefunikwa kitambaa kilichofumwa. Aliuliza kwa furaha inafanyaje kazi. Mwalimu akamweleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto habari ya mauti.

"Sikumaliza kusikiliza," Sostenes anasema. "Niliishusha, nikaing'oa ile protekta kwa kucha, palepale, nikiwa nimesimama. Nikatoka nje nikamwita mama mmoja aliyekuwa anachambua mbegu uani. Akagusa. Ikashika mara ya pili. Mara ya pili tu! Kilichowafukuza watu saba ni plastiki yangu ya shilingi elfu nane."

Alinunua pia kalamu za ncha ya mpira zinazoandika juu ya kioo, akazipeleka kumi na moja. Watatu kati ya waliotoroka wamerudi. Watatu wengine wanasema watarudi, bila kusema lini. Wale wanne ambao hawakuondoka sasa wanasoma magazeti ya zamani ya Mwalimu, wakibishana.

Wa saba ni Mzee Chediel.

Kumwendea kulimchukua Sostenes majuma mengi. Hakujua angeanzaje. Utamwambiaje mtu wa umri wa baba yako kwamba tatizo lilikuwa ugumu wa mikono yake, mikono iliyolisha watoto sita? Na usipomwambia, ataendelea kuamini kwamba tatizo lilikuwa akili yake.

Alhamisi iliyopita alifunga kibanda mchana, akapanda pikipiki. Alimkuta Chediel nyumbani kwake akisuka kamba. Akamwamkia, akapewa kigoda. Wakazungumza mvua, wakazungumza bei ya alizeti, mpaka mzee mwenyewe akachoka kusubiri.

"Umekuja kuniambia ile mashine ilikuwa mbovu?"

"Hapana, baba. Mashine ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyepima vibaya."

"Ulipimaje?"

"Kwa kidole changu."

"Lete nikione."

Sostenes akanyoosha mkono. Chediel akakishika kile kidole, akakibinya kama anayeangalia hindi kama limekomaa.

"Hiki?" akasema. "Hiki si hata cha kukamulia mbuzi."

Wakacheka wote wawili. Sostenes alipoona kicheko kimepoza mambo, akasema lililomleta: kwamba kioo kimeshatengenezwa, kwamba kuna kalamu, kwamba Mwalimu ameacha nafasi. Chediel akarudi kwenye kamba yake.

"Mwambie Mwalimu nashukuru. Lakini mbele za watu siendi tena."

Hapo simu ikalia mara moja mfukoni mwake. Ni simu ndogo ya vitufe, imefungwa kwa raba. Chediel akaitoa na, bila hata kuitazama, akamnyooshea Sostenes, kama alivyozoea kumnyooshea yeyote aliye karibu.

Sostenes anasema aliipokea na macho yakamjaa maji kabla hajasoma. Ujumbe ulitoka kwa Leah. Baba shikamoo. Leo mtoto ametembea, hatua tatu, akaanguka, akacheka.

Alimsomea. Mzee akaacha kamba.

"Rudia."

Akarudia. Kwa mwaka mzima, Sostenes anasema, mtu huyu angekuwa ameshajua kusoma. Angekaa peke yake uani kwake, na habari ya mjukuu wake ingeingia kwa macho yake, isipite kinywani mwa mtu mwingine. "Mimi ndiye niliyemnyang'anya hilo. Siwezi kulirudisha kwa kubandua plastiki."

Chediel akauliza palipoandikwa "ametembea" ni wapi. Sostenes akamwonyesha. Mzee akasogeza simu karibu na uso, akaisogeza mbali, akatazama lile neno muda mrefu.

"Unarudi lini huku?"

"Ukisema nije, nitakuja kila Alhamisi, baba. Nafunga kibanda."

"Hiyo mashine iache kwa Mwalimu. Njoo na daftari. Na usije na mtu."

Sostenes ameshabandika karatasi kwenye mlango wa kibanda chake: Alhamisi mchana hakuna kazi. Anatumaini kwamba mpaka alizeti itakapovunwa, Chediel atakuwa anaandika jina la binti yake, na labda, akipenda mwenyewe, atarudi kukaa na wenzake. Kuhusu hilo la mwisho hajaahidiwa kitu.

Siku ile, alipokuwa anawasha pikipiki, alimpa mzee ushauri wa kifundi: simu yake imejaa, ujumbe wa zamani inafaa ufutwe ili mpya uingie. Akajitolea kuufuta hapohapo.

"Futa mwingine wote," Chediel alisema. "Huo wa leo uache. Huo nitausoma mwenyewe."